Kwa nini kuanza chuo kipya ni rahisi kuliko kurudi kile cha zamani

Vyuo vya ufundi nchini Kenya vimeanza kugeuza kozi zake kuwa za moduli. Mwanafunzi husoma sehemu moja, hupimwa kwa sehemu hiyo, hupewa cheti chake, na akitaka hutoka kwenda kufanya kazi kisha hurejea kwa sehemu inayofuata. Hapa Lamu mabadiliko haya yamepokelewa kwa shaka. Katika baraza za Mkomani na Langoni nimewasikia watu wazima, baadhi yao walimu waliostaafu ambao nawaheshimu sana, wakisema kwamba elimu inakatwa vipande ili kuwaridhisha vijana wasio na subira, na kwamba aliyeshindwa kumaliza kozi ya miaka mitatu sasa atatuzwa kwa kusoma miezi michache. Nyuma ya malalamiko haya ipo dhana ambayo tumekaa nayo muda mrefu bila kuihoji, kwamba mtu anayeacha masomo leo, akaanza mengine mwakani na kuyaacha tena, ana kasoro katika tabia yake. Naiona dhana hiyo kuwa ya makosa, na inatukosesha mara mbili: inatufanya tuyapinge mabadiliko haya kwa sababu zisizofaa, na wakati huohuo inatuzuia kuona upungufu wake wa kweli.

Hoja yangu ni hii. Kuacha masomo mara ya kwanza kuna sababu nyingi, na kila nyumba ina yake: karo, ugonjwa, ndoa, kifo cha mzazi, kozi ambayo mtu hakuichagua. Lakini kuacha mara ya pili na ya tatu kuna sababu moja kubwa inayofunika nyingine, nayo ni kwamba vyuo vyetu na jamii yetu vimefanya kuanza upya kuwe rahisi, tena kwa heshima, huku kurudi pale mtu alipoishia kukiwa kugumu na kwa aibu. Mtu aliyekatikiwa na masomo anapotaka kusoma tena, njia iliyo wazi mbele yake ni ya kuanza mwanzo. Anaanza akiwa na umri mkubwa zaidi, majukumu mengi zaidi na akiba ndogo zaidi ya mara ya kwanza, na sababu zilizomtoa hapo awali bado zipo. Kwa hiyo anaacha tena. Tukimtazama kwa mbali tunaona mtu asiyemaliza kitu. Tukimtazama kwa karibu tunaona mtu ambaye kila mara amelazimika kuitupa kazi aliyokwisha kuifanya.

Kuelewa jinsi tulivyofika hapa kunahitaji kukumbuka jinsi mlango wa kuingilia ulivyopanuliwa. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa ya bure. Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo katika shule za sekondari za kutwa, na mwaka 2018 ikaja sera ya kuhakikisha kila aliyemaliza msingi anaingia sekondari. Vyuo navyo vikasogea karibu na Mwambao wa kaskazini. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina tawi hapahapa Lamu. Mtoto wa Faza au Kizingitini ambaye babake hakuvuka darasa la saba leo anaweza kupata barua ya kujiunga na chuo akiwa ameketi nyumbani kwao na simu mkononi. Haya ni mafanikio makubwa, na sitaki kuyapunguza. Ila katika miaka yote hiyo, kila sera iliyoandikwa ilihusu kuingia. Idadi ya wanaojiunga ndiyo iliyotangazwa, ndiyo iliyosifiwa, na ndiyo iliyowapa viongozi la kusema majukwaani. Swali la nani alitoka katikati, alitoka akiwa na nini, na atarudi kwa njia gani, liliachiwa kila chuo kilijibu kivyake, na vingi havikulijibu.

Sasa tazama kalenda, kwa sababu mengi tunayoyaita uvivu yamo ndani ya kalenda. Mwaka wa chuo kikuu kwa kawaida huanza Septemba, na mitihani ya muhula wa kwanza huwa karibu na Desemba. Lamu, pesa huanza kupatikana upepo wa kaskazi unapoingia. Bahari inatulia, wavuvi wanaenda mbali, hoteli za Shela zinajaa kuelekea mwisho wa mwaka, na mwenye mashua ya kuwatembeza wageni anapata katika majuma machache sehemu kubwa ya kipato chake cha mwaka. Kusi inapokaza kuanzia Aprili, wageni wanapungua, baadhi ya nyumba za wageni zinafunga milango, na bahari inakuwa kali kwa vyombo vidogo. Kwa kijana anayejisomesha, maana yake ni kwamba pesa inakuja wakati wa mtihani, na nafasi ya kusoma inakuja wakati hana pesa. Chuo nacho hakimpi kadi ya mtihani mpaka amalize baki la karo. Anabaki kazini ili apate pesa za kuingilia mtihani, na kwa kubaki kazini anaukosa mtihani wenyewe. Somo alilolikosa mara nyingi halifundishwi tena mpaka mwaka unaofuata, kwa hiyo juma moja la Desemba linaweza kumgharimu mwaka mzima. Hakuna aliyekusudia kumtoa chuoni. Ratiba mbili zilizopangwa bila kujuana ndizo zilizomtoa.

Inafaa kuongeza hapa jambo ambalo watafiti wamelionyesha kwa ushahidi mzuri. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio lililofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hulipwa baada ya mavuno. Wakulima walewale walipopimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimewaishia, walifanya vibaya kuliko walivyofanya baada ya kulipwa. Akili zao hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni uzito wa mahangaiko yaliyokuwa yamezijaza. Mwanafunzi anayesoma takwimu huku akihesabu kodi ya chumba, nauli ya boti hadi Mokowe na ya basi kutoka hapo, na dawa za mama, yuko katika hali ya mkulima yule kabla ya mavuno, na tunamlaumu kwa kukosa umakini.

Hata hivyo uhaba wa pesa hauelezi kila kitu, kwa kuwa wapo walioacha wakiwa wamelipiwa kila senti. Hapa ndipo pagumu zaidi kuelewa, na ndipo ninapotaka kukaa. Kozi ndefu ina mwanzo wenye pongezi na mwisho wenye sherehe. Katikati yake hakuna kitu cha kumwonyesha mtu. Mwaka wa pili na wa tatu ni mfululizo wa kazi za darasani ambazo hakuna jamaa anayeziuliza, na mwisho wake upo mradi wa utafiti ambao mwanafunzi hufanya peke yake, bila kengele wala mwenzake wa kukaa naye. Wengi huanza kuteleza hapo, na huteleza kwa jambo dogo. Mtu anachelewesha kazi moja. Kwa sababu amechelewa, anaona haya kukutana na mhadhiri. Kwa sababu hajakutana naye, hajui kama bado inapokelewa. Majuma mawili yanapita, haya inazidi kazi yenyewe kwa ukubwa, na siku moja anagundua kwamba amekuwa akikwepa jengo zima. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wameeleza vizuri kwamba kuahirisha kazi mara nyingi ni njia ya kukimbia hisia mbaya inayotokana na kazi hiyo, na kwamba nafuu ya muda mfupi ndiyo inayomfanya mtu aahirishe tena. Anayeacha masomo kwa njia hii hakukaa chini akaamua kuacha. Aliikwepa siku moja, kisha nyingine, na chuo kilipoliondoa jina lake kwenye orodha, yeye alikuwa ameshajiondoa kimyakimya zamani.

Upande wa chuo nao una mchango wake. Kila aliyesoma chuo kikuu cha umma nchini anajua habari ya alama zilizopotea: umefanya mtihani, umejiandikisha mlangoni, na matokeo yanatoka na pengo mbele ya somo hilo. Kulijaza pengo hilo kunahitaji kumfuata mhadhiri ambaye pengine ameshahama, kisha mkuu wa idara, kisha ofisi ya mitihani, na kwa mtu wa Lamu anayesoma mbali, kila safari ina gharama yake. Mwanasosholojia wa Marekani Vincent Tinto amekuwa akieleza tangu 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kwa kadiri anavyofungamana na maisha ya masomo na ya watu wa pale. Mwanafunzi ambaye chuo hakiwezi hata kumwambia alipata ngapi hana sababu ya kujiona kuwa sehemu ya chuo hicho.

Kijana mmoja wa hapa mjini aliwahi kuniletea bahasha ya kaki nimsaidie kuandika barua ya kuomba basari. Ndani yake mlikuwa na barua tatu za kujiunga na vyuo vitatu, kila moja imewekwa ndani ya karatasi ya plastiki ikahifadhiwa vizuri kama hati ya nyumba. Nakala yake ya matokeo ya chuo cha kwanza ilikuwa imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, na nusura nisiione. Tulipoikunjua na kupiga simu kuuliza, tuliambiwa kwamba diploma ile ya kwanza ilibakiza mitihani miwili na muhula mmoja wa mazoezi ya kazini. Hakuwahi kuuliza. Tangu hapo alikuwa amelipa ada za kujisajili mara mbili kwingine, na alikuwa anataka basari ya kuanza mara ya nne.

Sina haja ya kusimulia zaidi kuhusu kijana huyo, maana tofauti kati ya karatasi zile inajieleza. Barua ya kujiunga ni habari njema. Inasomwa mbele ya mama, shangazi na majirani, inaleta dua na pesa kidogo, na kwa miezi michache inamrudisha mtu katika hadhi ya mwanafunzi ambaye mbele yake kuna matumaini. Kurudi mwaka wa tatu baada ya kupotea miaka minne hakuna habari ya kumpa mtu. Kunaleta maswali: ulikuwa wapi, mbona hukumaliza, na zile pesa tulizochanga zilikwenda wapi. Darasani atakaa na watoto waliokuwa shule ya msingi alipoanza. Ofisini ataambiwa alete barua ya kuahirisha masomo ambayo hakuiandika, kwa kuwa aliyezama katika aibu au msiba haandiki barua za kuahirisha. Mbele ya njia hizi mbili, anayechagua kuanza upya anafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya. Anatafuta heshima inapopatikana. Tatizo ni kwamba heshima hiyo haidumu zaidi ya muhula wa pili, na mtu anajikuta tena katikati, pale pasipo na pongezi, akiwa sasa na ushahidi mmoja zaidi wa kujiambia kwamba yeye hamalizi. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha tangu 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi ya yote na mambo aliyowahi kuyafanikisha mwenyewe. Mfumo unaofuta kila alichofanikisha na kuhesabu tu asichomaliza unaibomoa imani hiyo kila anapouingia.

Wapo wanaosema tatizo zima ni karo, na hoja yao ina nguvu. Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 2023, unaowagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na hali ya kifedha ya familia zao, uliwaacha wengi wakilalamika kwamba wamepangwa wasipostahili. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, na suala likapelekwa Mahakama ya Rufaa. Januari 2025 ukazuka mvutano mwingine kuhusu iwapo kaunti zina mamlaka ya kutoa basari kwa elimu ambayo kikatiba ni jukumu la serikali ya kitaifa. Katika kaunti kama yetu, ambako basari ndiyo humpandisha mtoto basi, mvutano wa aina hiyo si wa mawakili peke yao. Nakubali yote hayo. Lakini pesa zikija kesho kwa ukamilifu, zitamfikia mwenye barua mpya. Fomu ya basari huuliza barua ya kujiunga na mchanganuo wa karo wa mwaka. Aliyebakiza mitihani miwili na baki la zamani hana pa kujiandika. Deni la mkopo nalo linamfuata: mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekosa kulipa anapotakiwa huongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, awe amepata cheti au hakupata. Kwa hiyo karo ni sehemu ya jibu kwa swali la kwa nini mtu alitoka. Kwa nini hakurudi ni swali jingine, na karo peke yake hailijibu.

Wengine wanasema ni nidhamu. Hoja hii nayo haistahili kupuuzwa. Kusoma kunachosha, na hakuna mpangilio wa vyuo utakaomwondolea mtu usiku wa kukaa na kitabu asichokipenda. Wapo watu wanaopenda mwanzo wa mambo na kuchoshwa na muda wake, na ni haki kuwaambia hivyo. Wazee wetu husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wanaposema hivyo wanasema kweli kuhusu ahadi. Ninachopinga ni hatua inayofuata, pale hoja ya nidhamu inapogeuzwa kuwa hoja ya kabila na mahali, kwamba vijana wa Mwambao ni wavivu, wamezoea raha ya ufuoni, hawana kiu ya elimu. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na haisimami hata ukiiangalia kwa dakika moja. Mvivu hajazi fomu ya chuo mara tatu. Hapandi boti alfajiri kwenda Mokowe, akakaa saa nyingi barabarani hadi Mombasa, kwenye njia ambayo tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 imekuwa na vizuizi na misafara ya ulinzi kwa vipindi virefu, ili aende kupanga foleni ya usajili. Na tabia yenyewe si ya watu wa Pwani peke yao. Kozi za bure za mtandaoni zilizovuma duniani kuanzia 2012 ziliwavuta mamilioni ya watu kutoka nchi tajiri, wengi wao wakiwa tayari na shahada, na tafiti nyingi zimekuta kwamba wanaozimaliza ni chini ya asilimia 15. Wanafunzi wa uzamivu, ambao hakuna anayeweza kuwaita wavivu, huacha kwa wingi katika vyuo bora kabisa, hasa wanapofika kwenye tasnifu, yaani palepale ambapo kazi ya pamoja inaisha na ya upweke inaanza. Jambo linalotokea kwa mtu wa Boston na wa Langoni katika hatua ileile haliwezi kuelezwa kwa upepo wa bahari yetu.

Nirudi sasa kwenye lalamiko la vipande. Wanaosema elimu iliyogawanywa haiwezi kuwa elimu kamili wangetazama kinachoingia katika bandari iliyo mbele yetu. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, meli zinazofunga pale zinaongozwa na watu waliosoma vipandevipande kwa mujibu wa sheria za kimataifa. Mkataba wa STCW wa 1978, uliorekebishwa 1995 na 2010, ndio unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia duniani. Kwa mkataba huo, baharia hupata kwanza mafunzo ya msingi ya usalama, hufanya kazi baharini kwa muda unaopimwa na kuandikwa, hurudi darasani kwa cheti cha juu zaidi, huenda tena baharini, na hivyo hadi afikie kuwa nahodha wa meli kubwa. Hakuna anayeruka kipande, na hakuna anayeambiwa aanze upya kwa sababu alikuwa kazini. Kila cheti kinasema wazi mwenye nacho anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini. Ikiwa tunawaamini watu hao na meli zenye uzito wa makumi ya maelfu ya tani, hatuna sababu ya kuogopa fundi wa umeme aliyesoma kwa namna hiyohiyo. Ubora unategemea ukali wa kipimo cha kila sehemu. Urefu wa muda ambao mtu amekaa bila kupumzika haujawahi kuwa kipimo cha ubora.

Tena jambo hili si geni kwetu. Tangu Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alipoujenga msikiti wa Riyadha na kuufanya kituo cha elimu kilichowavuta wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, darsa za Lamu zimeendeshwa kwa kitabu. Mtu husoma kitabu kwa sheikh wake, na kumaliza kitabu ndiyo hatua. Akisafiri msimu mmoja, anaporudi huketi tena darsani na kuendelea, na alichokisoma kinabaki amekisoma. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba darsa haimpi mtu mshahara wala haihitaji kuthibitishwa na mwajiri aliyeko Nairobi. Ni kweli, na sisemi chuo kiwe darsa. Ninasema kwamba jamii ambayo kwa karne nzima imeona elimu ya heshima ikipatikana hatua kwa hatua, huku mwanafunzi akiondoka na kurejea bila kudharauliwa, haina haki ya kusema kwamba mpangilio huo ni wa wasio na subira.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana pia na wanaoishangilia moduli kana kwamba imemaliza kazi. Moduli inalinda kile mtu alichokwisha kukisoma, na hilo ni jambo kubwa. Haimrudishi. Mtu anaweza kuwa na vyeti viwili vya sehemu na bado akaona haya kurudi kwa cha tatu ikiwa chuo hakimtafuti na jamaa zake wanamdhihaki. Pia moduli iko vyuo vya ufundi, na wanaoumia zaidi kwa kukatika ni wa vyuo vikuu, ambako miaka mitatu ya kufaulu bila kumaliza wa nne haitambuliwi kwa chochote sokoni. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ya 2014 ilikusudia masomo aliyofaulu mtu yaweze kuhesabiwa na kuhamishwa kutoka taasisi moja hadi nyingine, na mamlaka ya kulisimamia hilo ipo. Katika dirisha la usajili, hata hivyo, mwanafunzi anayeuliza kama masomo yake ya chuo kingine yatahesabiwa huambiwa mara nyingi kwamba ni rahisi kuanza mwanzo. Karani anayetoa jibu hilo anamwambia kweli, na ukweli huo ndio msiba wenyewe.

Kuna kundi ambalo kwake nchi imeshakubali kanuni ninayoitetea. Tangu 1994 Kenya ina sera ya kumruhusu msichana aliyepata mimba kurudi shuleni baada ya kujifungua, na mwaka 2020 ukatolewa mwongozo ulioipanua kwa watoto wengine waliotoka kwa sababu mbalimbali. Utekelezaji una kasoro nyingi, na wengi wa wasichana hao hawarudi. Lakini kanuni imeandikwa: shule ina wajibu wa kumpokea, na mkuu wa shule hana ruhusa ya kumfukuza kwa aibu. Msichana huyohuyo akiolewa au kujifungua akiwa chuoni, miaka miwili baadaye, hana mwongozo unaomlinda kwa namna hiyo. Wanawake wa Lamu ninaowajua ambao masomo yao yalikatika kwa uzazi hawakupungukiwa na hamu. Walipungukiwa na mtu wa kuwaambia kwamba nafasi yao bado ipo.

Sitetei kila kuacha kuwe na njia ya kurudi. Kuna kuacha kulio sahihi. Aliyepelekwa kozi ya ualimu kwa sababu alama zake zilimwangukia huko, na moyo wake uko kwenye injini za boti, anapoiacha mapema na kwenda kujifunza ufundi amefanya uamuzi mzuri, na familia inayomshikilia arudi inamkosea. Wapo pia ambao hukatika kila mahali katika hatua ileile, hata wakiwa na pesa, muda na kozi waliyoipenda. Hao wanahitaji kuchunguzwa na daktari kwa sonona au kwa tatizo la umakini, ambayo ni maradhi yanayotibika, na kuwapa mawaidha ya nidhamu ni kuwaongezea mzigo. Kwa hiyo mtu anayejiuliza kwa nini hamalizi masomo angeanza kwa kutazama ni wapi hasa hukatikia kila mara. Anayekatikia kwenye mtihani wa Desemba ana tatizo la ratiba na kazi. Anayekatikia kwenye mradi wa utafiti ana tatizo la upweke na kuongozwa. Anayekatikia muhula wa kwanza kila mara pengine anachagua kozi kwa ajili ya barua. Majibu haya hayafanani, na dawa zake hazifanani.

Kwa upande wa vyuo, kuna mambo yanayowezekana bila kusubiri sheria mpya. Chuo kinaweza kumpa kila anayetoka, hata aliyetoweka bila kuaga, karatasi moja inayoonyesha masomo aliyofaulu, yaliyobaki, na hadi lini yanatambuliwa. Kinaweza kurudia mitihani ya muhula wa kwanza katika miezi ya kusi kwa wanafunzi wa Mwambao wanaojisomesha. Kinaweza kuziandika upya alama zilizopotea kabla ya kumdai mtu karo ya kurudia somo.

Kaunti nayo inaweza kufanya jambo ambalo lingebadilisha hesabu yote. Katika fomu ya basari liongezwe fungu la wanaorudi kumaliza, na waombaji wake watakiwe kuleta nakala ya matokeo badala ya barua ya kujiunga. Gharama ya kummalizisha aliyebakiza mwaka mmoja katika kozi ya miaka minne ni takriban robo ya gharama ya kumwanzisha mwingine, na matokeo yake yanaonekana ndani ya mwaka huohuo wa bajeti. Majina yao hayahitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa wameshawahi kuomba basari hiyohiyo, na faili zao za miaka iliyopita zimo katika ofisi ileile itakayopokea fomu za mwaka ujao.